Ule Mmoja

Fungua daftari la siku ile, kule Apia,
utalikuta jina lake: Lagimaina.
Ova nne. Wiketi saba. Mkimbio mmoja.
Watu husoma saba, wakapiga mluzi.
Mimi husoma ule mmoja.
Ni wangu.

Tulitoka Suva na ndege ya alfajiri,
wasichana kumi na wanne, magongo matano ya kugawana,
na kocha aliyetuambia njiani, mdomo umejaa mkate:
ova ishirini si mwendo mrefu, mwenye kukaa atafika.
Hatukukaa.

Mvua ya usiku ilikuwa bado kwenye nyasi.
Ng'ambo ya uzio kwaya ya kanisa ilifanya mazoezi,
ikikosea pale pale, ikirudia pale pale,
na Lagimaina, karani wa benki, mfupi,
nywele kazifunga kwa utepe wa bluu,
alipiga hatua sita
kama mtu aliyesahau mwavuli dukani
na hana haraka ya kuufuata.

Mpira wake haukuja kwa kishindo.
Ulikuja kama mgeni mwenye adabu:
ukabisha hodi mlango wa mbele,
nasi tulipokwenda kuufungua
ulikuwa umeshaingia kwa uani.

Akosita aligeuka, akavitazama vijiti vilivyolala
kama mtu anayejiuliza kama jiko alilizima.
Vasiti, mguu mbele ya wiketi; hakubisha.
Mereoni aliupiga juu, juu sana,
tukapata muda wote wa kuomba udakwe vibaya, uponyoke.
Haukuponyoka.

Laisani, akitoka, aliniambia: usiende mbele.
Aliyemtangulia alikuwa amesema: usirudi nyuma.
Nikaingia na mashauri yote mawili,
mpigaji wa tisa, mfanyakazi wa posta,
kichwani kofia ya chuma ya mwenzangu,
bado ina joto lake.

Mipira ishirini na moja alikuwa ameshatupa,
na mwandishi wa alama alikuwa akitia nukta,
nukta, nukta, wiketi, nukta,
kama anayepanda mtama.
Wa ishirini na mbili ulinikuta mimi.
Nilifumba jicho moja, sijui lipi.
Kitu kiligusa kitu. Nahodha Unaisi akapaza sauti: kimbia!
Nikakimbia.
Mwamuzi akasita. Mkono wake ulishuka kidogo
kuelekea goti, kisha ukabadili nia.
Mmoja. Wangu.

Lagimaina aliutazama mpira, akanitazama mimi,
akalitazama paja langu.
"Malo," akasema. Kwao ni neno la pongezi.

Na kwa kuwa ule mmoja ulinihamisha,
nilikuwa hatua mbili tu kutoka bega lake
alipokuja kutupa wa mwisho.
Nikaviona vidole. Kile cha shahada kiliuzungusha mpira
kama mama anayefungua chupa ya dawa
na mtoto ndio kwanza amelala.
Nilijua utaingia wapi. Unaisi, upande wa pili, hakujua.
Nilifungua mdomo.
Jamani, sikutaka kuuharibu.

Saba.

Usiku, bafuni kwenye nyumba ya wageni,
nililikuta duara jekundu juu ya mstari wa pedi,
kamili, kama muhuri niugongao kila siku
juu ya barua za watu.
Gongo halikugusa kitu.
Na mpira ukigusa mwili, mkimbio haumhusu mrushaji,
wala haumhusu mpigaji;
huandikwa pembeni, hauna mwenyewe.
Saba kwa sifuri: ndivyo alivyotupa,
na alijua, na alisema malo.

Asubuhi duara lilikuwa limefutika.
Kwa Katibu, Chama cha Kriketi, Apia:
mara nne nimeianza barua hiyo, mara nne nimeimaliza.
Stempu si tatizo.
Mimi ndiye ninayeziuza.